Uongozi si kusukumiwa gari

(Hii ni mada iliyotolewa kwenye semina ya vijana wa chama kutoka matawi ya mjini. Tumeifupisha kidogo kwa sababu ya nafasi. — Mhariri)



Nimeombwa nizungumzie uongozi bora. Kwa kawaida mada hii ikitajwa, msemaji hutoa karatasi mfukoni na kuanza kuorodhesha: kiongozi bora awe mwaminifu, awe mchapakazi, awe msikivu, awe mcha Mungu. Orodha hiyo mnaijua. Hata hao waliotufikisha hapa tulipo waliijua, tena wengine waliifundisha vyuoni. Kwa hiyo leo sitaorodhesha sifa. Nataka tujiulize swali moja tu: kiongozi anatoka wapi? Na kwa nini mtu yule yule leo anabebwa juu juu na umati, kisha baada ya miaka mitano anahutubia watoto na wauza karanga?

Jibu nalitoa mapema ili hata anayesinzia asikose kitu. Mazingira ndiyo yanayomwita kiongozi. Uzoefu ndio unaomwandaa aitike. Na uzoefu uliomfaa mtu jana unaweza kumponza kesho, mazingira yakibadilika.

Mchukueni dereva wa daladala anayejua kupenya foleni ya Kariakoo kama sindano kwenye kitambaa. Mpeni lori lenye shehena ya tani 30, mwambieni alishushe mlima Kitonga kule Iringa. Mtu ni yule yule, leseni ni yake, macho hayajaharibika. Lakini barabara si ile, na mzigo si ule. Akishuka Kitonga kwa ujanja wa Kariakoo, breki zitashika moto. Siasa nayo ina Kariakoo yake na ina Kitonga yake.

BIBI TITI HAKUTOKA HEWANI

Tuanze na mwaka 1955. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Ilikuwa na walimu, makarani na wafanyabiashara wachache wa mjini. Serikali ya mkoloni ilikuwa imekwisha kuwapiga marufuku watumishi wake kujiingiza katika siasa. Tafsiri yake ni kwamba wasomi wengi wa wakati ule walifungwa midomo kwa mshahara. Anayetaka kusema anafukuzwa kazi, anayetaka kazi ananyamaza.

Hayo ndiyo yalikuwa mazingira. Chama kilihitaji watu ambao mkoloni hakuwa na mshahara wa kuwatishia nao. Ndipo akapatikana mwanamke wa Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed, mwenye elimu ya darasa la nne, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Akapewa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani. Katika miezi michache ya mwaka huo wa 1955 aliandikisha wanachama wanawake wapatao 5,000. Vyama vingapi leo, pamoja na simu na magari, vinaweza kuandikisha watu 5,000 kwa miezi mitatu bila kugawa fulana?

Watu husimulia habari hii kama muujiza. Eti Mungu alimjalia sauti. Sauti alikuwa nayo, sikatai. Lakini tazameni kikundi cha ngoma kina kazi gani. Lazima kukusanya michango kila mara, na anayekusanya ajulikane kuwa hali fedha za watu. Lazima kushona sare, na sare ziwe tayari kabla ya siku ya shughuli. Lazima kusuluhisha wanaogombana, maana wawili wakinuniana ngoma haichezeki. Lazima kujua nyumba ya kila mwanachama, nani amefiwa, nani ana harusi, nani mumewe mkali. Na lazima kusimama mbele ya watu bila kutetemeka.

Sasa niambieni, tawi la chama lina kazi gani zaidi ya hizo? Bibi Titi alipoingia TANU alikuwa amekwisha kufanya ukatibu, uweka hazina, usuluhishi na uenezi kwa miaka kadhaa, ila kazi hizo hazikuwa zikiitwa siasa. Mazingira ya 1955 yalipobisha hodi, yalimkuta amevaa. Wenye vyeti walikuwa bado wanatafuta viatu.

KAMBONA NA USIKU WA COLITO

Mfano wa pili ni wa Januari 1964. Alfajiri ya tarehe 20 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo baadaye iliitwa Lugalo, waliasi. Walitaka nyongeza ya mishahara na walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke. Uhuru ulikuwa na miaka miwili tu. Rais Nyerere na Makamu wake Kawawa wakafichwa mahali pa salama, na hilo lilikuwa jambo la busara, maana Zanzibar serikali ilikuwa imepinduliwa siku nane tu kabla.

Lakini mtu mmoja ilibidi aende akazungumze na wenye bunduki. Akaenda Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje na Ulinzi. Hakuwa na jeshi la kumlinda, maana jeshi ndilo lililokuwa limeasi. Hakuwa na amri ya kutoa, maana hakuna aliyekuwa anapokea amri. Alikuwa na mdomo wake na jina lake. Akasikiliza madai, akaahidi, akabembeleza, akawapatia wale maofisa ndege ya kuondoka. Serikali ikapata muda wa kuvuta pumzi. Tarehe 25 Januari makomando wa Kiingereza wakashuka kwa maombi ya serikali yenyewe, maasi yakazimwa.

Wapo wanaouliza kama Kambona alifanya yote kwa nia safi. Leo siyo hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba Kambona alikuwa mwalimu wa shule, kisha akawa katibu wa TANU enzi zile ambazo katibu alikuwa akisafiri kutafuta wanachama kwa maneno matupu, bila posho, huku polisi wa mkoloni wakimfuata nyuma. Mtu aliyezoea kuwashawishi watu asiokuwa na mamlaka juu yao ndiye aliyeweza kusimama Colito siku ambayo serikali haikuwa na mamlaka. Mtu aliyezoea kupiga kengele na kuletewa faili asingefika hata getini.

Tena angalieni kilichofuata. Mwaka 1967 Kambona alitofautiana na wenzake, akaenda kuishi Uingereza. Aliporudi mwaka 1992, vyama vingi viliporuhusiwa, wengi walidhani angekuwa nguzo ya upinzani. Haikuwa hivyo. Miaka 25 ilikuwa imepita. Vijana waliokuwa vijiweni hawakumjua, na yeye hakuijua nchi waliyoizaliwa. Uzoefu wake ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa wa nchi iliyokwisha kuondoka. Alifariki mwaka 1997 bila kupewa na wapiga kura lile alilolitazamia.

MREMA: KUTOKA SIKU SABA HADI MAHAKAMANI

Sasa nafika mahali penye moto. Naomba tuvumiliane, maana humu wamo waliosukuma lile gari.

Marehemu Augustine Lyatonga Mrema aliingia Wizara ya Mambo ya Ndani mwaka 1990. Nchi ilikuwa imechoka. Ujambazi ulikuwa juu, magendo yalikuwa wazi, mnyonge akionewa hakuwa na pa kwenda. Mazingira yakamwita mtu wa amri, na Mrema alikuwa mtu wa amri. Akawapa majambazi siku saba wasalimishe silaha. Akinamama waliotelekezwa wakapanga foleni ofisini kwake. Waziri akinyanyua simu, kamanda wa polisi anakimbia. Akapewa na Unaibu Waziri Mkuu. Walalahoi wakasema huyu ndiye.

Mwaka 1995 akatoka serikalini, akaondoka CCM, akajiunga na NCCR-Mageuzi. Mnakumbuka, au mmehadithiwa na kaka zenu: gari likizimwa injini makusudi, vijana wanalisukuma kwa mikono kilometa na kilometa, jasho linawatoka, wanaimba. Katika uchaguzi wa Oktoba mwaka huo alipata asilimia 27.8 ya kura za Rais, na NCCR ikashinda majimbo 16. Mwaka 1996 akachukua ubunge wa Temeke katika uchaguzi mdogo. Hakuna asiyejua kwamba kipindi kile kigogo wa chama tawala akisikia jina la Mrema chai ilikuwa haishuki.

Kisha nini? Mwenyekiti Mrema na Katibu Mkuu wake Mabere Marando wakagombana. Vikao vikawa viwili viwili. Watu wakapigania ofisi, kesi zikaenda mahakamani. Mwaka 1999 Mrema akahamia TLP. Mwaka 2000 asilimia 27.8 ikawa asilimia 7.8. Majimbo 16 ya NCCR yakawa moja. Miaka mitano tu.

Tukikaa kijiweni tunasema: ilikuwa CCM, walipandikiza watu. Sikatai kwamba chama tawala kilifurahia, na pengine kilichochea kuni. Lakini moto unawaka penye nyasi kavu. Uzoefu wa Mrema ulikuwa wa waziri mwenye polisi. Katika chama cha upinzani hakuna polisi wa kutuma. Kuna Kamati Kuu yenye watu wenye vichwa vyao, walioanzisha chama kabla hujafika. Kuna katiba. Kuna mtu anayekupinga kikaoni na kesho mnatakiwa mpande gari moja kwenda mkoani. Mtu wa kuamuru alihitaji kugeuka awe mtu wa kushawishi. Na wale wasomi waliompokea nao walikuwa na uzoefu wao wa mahakamani na wa semina, wa kushinda kwa hoja, bila uzoefu wa kukaa na mtu anayependwa na umati kuliko wao. Kila upande ulitumia silaha uliyoizoea. Amri upande huu, vifungu upande ule. Chama kikafa katikati.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ila tuseme ukweli wote: anayemsifu ndiye anayempa sababu. Sisi vijana tulisukuma gari. Ni wangapi kati ya waliosukuma walikuwa wanahudhuria vikao vya tawi? Wangewahudhuria hao viongozi wakiwa wanagombana, wangewaita, wangewauliza: fedha za chama ziko wapi, kikao halali ni kipi? Gari lilikuwa na wasukumaji maelfu, chama hakikuwa na wanachama wa kukishika kisianguke.

JELA PEKE YAKE HAIFUNDISHI

Wapo wenzetu wanaoamini kwamba mateso yanatosha. Eti aliyepigwa mabomu ya machozi na FFU, aliyelala mahabusu, huyo moja kwa moja ni kiongozi. Nawaomba mtazame jirani zetu wa Zambia.

Frederick Chiluba alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1981 Rais Kaunda alimweka kizuizini bila mashtaka. Alijua maana ya kufungiwa mlango na dola. Oktoba 31, 1991 akamshinda Kaunda kwa kura tatu kati ya kila nne, na Kaunda, kwa heshima yake, akakubali na kuondoka. Afrika nzima ya wanamageuzi ilishangilia. Sisi tulishangilia.

Machi 1993 Chiluba akatangaza hali ya hatari na wapinzani wakawekwa kizuizini. Mwaka 1996 katiba ikabadilishwa, mgombea urais akatakiwa wazazi wake wote wawili wawe Wazambia, na kwa kifungu hicho Kaunda, aliyeijenga Zambia kwa miaka 27 lakini wazazi wake walitoka Malawi, akafungiwa nje. Desemba 1997 Kaunda mwenyewe akawekwa kizuizini. Mwaka 2001 Chiluba akataka kipindi cha tatu, mpaka mawaziri wake, makanisa, wanasheria na wananchi waliposimama wakasema hapana.

Kizuizi kilimfundisha nini Chiluba? Inaonekana kilimfundisha kwamba mwenye ufunguo ndiye mwenye nguvu. Akatafuta ufunguo.

Mtazameni na Nelson Mandela. Alikaa ndani miaka 27. Huko gerezani alijifunza lugha ya Makaburu, akasoma historia yao, akawajua askari magereza mmoja mmoja, anaogopa nini na anataka nini. Alijua iko siku watu hao watakaa naye meza moja. Alipotoka Februari 1990 mazingira yalihitaji mtu wa kuzuia nchi isiungue, na alikuwa amejiandaa kwa kazi hiyo hiyo. Akatawala kipindi kimoja, 1994 mpaka 1999, akaaga bila kusukumwa.

Watu wawili, wote walionja mkono wa dola. Tofauti yao ni namna kila mmoja alivyoyatafakari yaliyompata. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini kuona siyo kujifunza. Punda amebeba vitabu vya wanafunzi miaka mingi, hajui herufi moja.

NYINYI MNAJIFUNZIA WAPI?

Nageukia kwenu sasa. Kila kijana niliyezungumza naye asubuhi hii anataka ubunge. Sina ugomvi na hilo, ulaji upo na heshima ipo. Naulizia mazoezi tu. Mchezaji haombi namba kwenye mechi ya watani wa jadi kama hajaonekana mazoezini hata siku moja. Siasa tunaitaka fainali bila mchujo.

Sababu za serikali kutunyima uwanja zipo na tutaendelea kuzipigia kelele. Mwaka 2019, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi nchi nzima kwa madai ya kasoro za kujaza fomu, vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, chama tawala kikajipa zaidi ya asilimia 99 ya viti. Ile ilikuwa dhuluma, na dhuluma haigeuki haki kwa sababu imepigwa muhuri.

Lakini naomba mfikirie kilichoibiwa pale. Wengi waliona viti vimeibiwa. Mimi naona waliiba shule. Uenyekiti wa mtaa ndiyo darasa la kwanza la utawala. Hapo ndipo kijana anajifunza kusuluhisha mpaka wa kiwanja, kusimamia fedha za ulinzi wa mtaa, kuwasomea watu mapato na matumizi huku wanamkodolea macho. Mkimfungia mpinzani darasa hilo miaka mitano, kisha mingine mitano, siku akipewa nchi mtamwambia hana uzoefu. Hiyo ndiyo hesabu yao. Ndiyo maana mtaa ni wa kupigania kama tunavyopigania Ikulu.

Na wakati tunaupigania, darasa lingine liko wazi, hakuna mkurugenzi wa kuwaengua. Tawi lenu lina daftari la wanachama? Nani analiandika? Kijana anayeshika kalamu ya muhtasari kwa mwaka mmoja atajua chama kuliko mpiga debe wa miaka kumi. Kuwa wakala kituoni siku ya kura, ukae macho toka asubuhi hadi fomu ya matokeo isainiwe, udai nakala yako na uifikishe salama, hilo ni somo ambalo hakuna semina itakayowapa. Chama cha bodaboda kijiweni kwenu kina mwenyekiti na kina mfuko. Timu ya mpira ina nahodha na ina madeni ya jezi. Wamachinga wana umoja wao. Nendeni huko, mshike kazi ndogo yenye hesabu ya kutolewa. Bibi Titi alijifunzia ngomani. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Na nyinyi wazee wetu mlioko meza kuu, nasema kwa adabu zote, shikamooni. Kijana hapati uzoefu kwa kubeba bendera na kulinda jukwaa peke yake. Mpeni kata aisimamie, akikosea mkosoeni ndani ya kikao, muda wake ukiisha mwondoeni kwa kura. Na sisi tukiwaambia kwamba mlitufaa sana wakati wa kuvunja ukuta, lakini wakati wa kujenga nyumba unahitaji mafundi wengine, msituite wasaliti. Uwezo mnao. Zamu ndiyo imekwisha.

Kila tunapochagua kiongozi, kuanzia mjumbe wa tawi hadi mgombea urais, naomba tuulize maswali matatu kabla ya kupiga makofi. Mazingira ya leo yanataka kazi gani ifanyike? Huyu amewahi kuifanya kazi ya namna hiyo wapi, hata kwa udogo, na waliofanya naye wanasemaje? Na mambo yakigeuka, katiba yetu inaturuhusu kumbadilisha bila kupigania ufunguo wa ofisi?

Kikao chenu cha tawi ni Jumapili ijayo. Atakayekuwa amebeba daftari ndiye ninayemtazama.